Mkamwana wa Vyumba vya Nyuma

Jumatatu, 2 Machi 1998
Mvua imeanza alfajiri na mpaka sasa haijakata. Wanasema ni ya El Nino. Mwaka juzi hakuna aliyelijua neno hilo hapa Tukuyu. Leo hata wauza ndizi wanalitamka kama jina la jirani mbaya.

Ufa wa ukuta wa nyuma umefika kwenye dirisha. Ukuta huo ni wa vyumba viwili anavyokaa mpangaji wangu Tusekile na mumewe. Fundi ameutazama, akaugonga kwa kiganja, akasema ni tofali mbichi na maji yanaula kwa chini. Usipobomolewa na kujengwa upya masika haya utaangukia ndani, palipo kitanda. Nikamwambia aanze. Akasema ataanza akiona fedha ya saruji. Fedha ya saruji ni hundi ya kiwanda, na hundi ya kiwanda huja mwanzoni mwa Machi.

Alhamisi, 5 Machi
Posta. Hakuna kitu.

Jumapili, 8 Machi
Kanisani watu wachache kwa sababu ya tope. Nimekaa baada ya ibada nikiwaza jinsi ya kuuliza habari ya hundi bila kumuuliza mtu anayeijua.

Niandike hali ilivyo, maana kichwa changu hutulia nikiandika. Tusekile ni karani wa mizani kwenye kiwanda cha chai. Alipopanga kwangu miaka miwili iliyopita, kiwanda kilikuwa cha umma na kilikuwa na utaratibu wake: mfanyakazi asiyepata nyumba ya kambini hulipiwa kodi, na fedha haipiti mkononi mwake. Hundi inaandikwa jina la mwenye nyumba na kutumwa posta kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo sikupata kumdai wala yeye kunilipa. Tuliongea mambo mengine. Alikuwa akiazima magazeti yangu na kuyarudisha na maswali. Nilifundisha shule miaka mingi na sikupata wanafunzi wengi wanaorudisha gazeti na maswali.

Desemba aliolewa na Anosisye. Anosisye ni mtoto wa marehemu mdogo wangu, yule niliyevuka naye mto Songwe kutoka Karonga, Malawi, mwaka 1965. Kwa hesabu yetu si mpwa, ni mwanangu, nami ananiita tata, yaani baba. Ng'ombe walipelekwa, ndoa ikafungwa, na tangu jioni ile Tusekile ni mkamwana wangu. Hawezi kunitazama usoni, hawezi kunisalimia, hawezi kupita njia ninayopita, hawezi kulitamka jina langu. Wazee wa Kinyakyusa wanaita ukutila, kumwogopa mkwe. Vijana wengi wa mjini wamelegeza. Yeye hakulegeza, kwa sababu bibi yake alimlea kwa namna hiyo, na mimi sikumwambia alegeze kwa sababu mama yangu pia alikuwa hivyo.

Zamani mambo haya yalikuwa na nafasi yake. Vijana walijenga kijiji chao mbali na baba zao, na mke wa kijana hakukutana na mkwe ila kwa bahati mbaya. Kiwanja changu cha Bulyaga, hapa mjini, hakina nafasi hiyo. Kina mlango wangu mbele, mlango wao nyuma, na bomba moja katikati. Mimi nateka maji mapema, yeye anateka nikishaingia ndani. Kabla ya kutoka hukohoa, nami nikisikia narudi mlangoni mwangu. Hivi ndivyo tunavyoishi tangu Krismasi, watu wawili waliokuwa wakibishana juu ya habari za dunia.

Jumanne, 10 Machi
Mvua. Posta, hakuna kitu.

Jumamosi, 14 Machi
Nimemuuliza Anosisye. Alikuwa anapakia viazi vyake vya kuuza kwenye toroli.

"Kiwandani vipi? Hundi haijatoka?"

"Kiwanda kimepata wenyewe wapya, tata. Mambo yanabadilishwa. Tuvute subira."

"Ukuta hauna subira."

"Nimeuona. Nimesogeza kitanda."

Hakunitazama alipokuwa akijibu. Viazi vilikuwa vingi kuliko mwezi uliopita.

Jumatatu, 16 Machi
Ezron amekuja kunywa chai. Ni jirani wa ng'ambo ya barabara, amejenga vyumba sita vya tofali za kuchoma na bati jipya, na anapangisha kwa wafanyabiashara wanaomlipa miezi sita mbele. Ananiita Mwalimu, lakini kwa namna inayonifanya nitazame viatu vyangu.

"Mwalimu, wewe una mpangaji au una mgeni?"

"Mpangaji."

"Mpangaji hulipa."

"Analipiwa. Hundi imechelewa."

"Ilikuwa inachelewa enzi zile za mali ya wote. Sasa kiwanda kina mwenyewe. Mwenyewe hachelewi, mwenyewe anakata tu." Akamimina chai yangu kwenye kisosi, akapuliza. "Kuna Mkinga anatafuta stoo ya mbolea. Vyumba vyako vya nyuma vinamfaa. Analipa leo, na ukuta anajenga yeye."

"Na mwanangu aende wapi?"

"Mwanao ana viazi. Aende anakouzia."

Nimemwambia nitafikiri. Nimeandika hapa kwamba nilisema nitafikiri, na kweli nimefikiri jioni nzima.

Ijumaa, 20 Machi
Ufa umepita dirisha. Maji yamesimama nyuma ya nyumba. Nimechimba mtaro kidogo, mgongo umekataa.

Jumatano, 25 Machi
Posta. Karani wa posta sasa anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Jumapili, 29 Machi
Wazo baya limenijia na haliondoki. Anosisye ana mtaji mpya. Hundi haiji. Je, kama siku hizi kiwanda kinampa mfanyakazi fedha mkononi, na mkononi mwa mke inapita kwenda mkononi mwa mume? Kwa nini mwanamume aliyeomba mkopo wa magunia mwezi wa kwanza awe na toroli iliyojaa mwezi wa tatu?

Ningekuwa naweza kumuuliza Tusekile ningeambiwa ukweli kwa sentensi moja. Yuko hatua chache kutoka nilipokaa, nasikia akipepeta mchele. Nasikia pia akiacha kupepeta ninapovuta kiti.

Jumamosi, 4 Aprili
Nimemwambia Anosisye maneno makali. Nilimwambia kama amekula kodi aseme, nijue ninaishi na nani. Aliweka jembe chini. Alikuwa amelishika kwa sababu alikuwa anachimba mtaro wangu, kuumalizia.

"Tata, sijala kitu chako."

"Basi kiko wapi?"

Akaliokota jembe. Ukutani nyuma yake kulikuwa na kitu kipya, nguzo mbili za mkaratusi zimekitwa kuusukuma ukuta usilale. Sikuuliza nani amezileta. Nilikuwa nimeshasema niliyosema.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka
Hawakuja kula kwangu. Anosisye ameniletea nyama kwenye sahani iliyofunikwa, akaweka juu ya meza, akasema, "Mama Yeremia anakusalimu." Hawana Yeremia, mtoto hajazaliwa. Lakini nimejua kwa njia hiyo kwamba yuko njiani. Na kitanda kiko kule.

Jumanne, 14 Aprili
Hakuna posta leo, barabara ya Mbeya imekatika.

Alhamisi, 16 Aprili
Nimekwenda kiwandani mwenyewe. Nilipata lifti kwenye lori la majani mabichi, nikakaa mbele na dereva aliyeniuliza njia nzima kama Malawi siku hizi mtu anaweza kurudi. Nikamwambia anaweza, tangu utawala ulipobadilika mwaka tisini na nne. Akauliza, "Sasa wewe unangoja nini?" Nyumba ya Bulyaga aliniachia marehemu mke wangu, Tupokigwe, na kule ninakotoka hakuna hata mti utakaonitambua.

Ofisi ya mishahara imepakwa rangi mpya. Karani ni binti anaitwa Lilian, mgeni wa huku, mkarimu. Alinipa shikamoo na kiti. Nilimwambia mimi ni mwenye nyumba wa Tusekile wa mizani na sijaona hundi. Akafungua kabati, akarudi na uso wa mtu anayetafuta namna ya kusema.

"Mzee, huyu mama hana kodi tena. Tuliwaita wote Januari, tukawauliza upya mmoja mmoja, unakaa wapi, kwa nani. Utaratibu mpya, anayeishi kwa ndugu halipiwi."

"Hakai kwa ndugu. Anapanga."

"Mimi mwenyewe ndiye niliyemuuliza. Nakumbuka kwa sababu ilinishangaza. Nilimwambia, mwenye nyumba anaitwa nani? Akanyamaza. Nikamuuliza tena, akainamisha kichwa. Nikasema, mama, bila jina siwezi kulipa, hundi inaandikwa jina. Watu wako foleni nyuma yake wanacheka. Mwishowe akasema, 'Nakaa kwa baba mkwe.' Basi, nikaandika anaishi kwa mkwe."

Nimekaa nimeshika kofia yangu. Lilian akaniuliza kama ninahitaji maji.

Wenzake waliokuwa foleni walicheka, lakini kila Mnyakyusa pale alijua kwa nini amenyamaza. Hakuna aliyemsaidia kulitaja jina kwa niaba yake. Pengine waliogopa, pengine waliona ni burudani. Na binti wa watu, mgeni, angejuaje?

Jioni nimemwita Anosisye.

"Kumbe ulijua."

"Nilijua, tata."

"Ukaniacha nikakuita mwizi."

"Ningesemaje? Kwamba mke wangu amekukosesha kodi kwa sababu amekuheshimu? Nilisema nitauza viazi mpaka nipate saruji, hundi ikikosekana usijue. Viazi vya safari ya pili vimeozea njiani, barabara ilipokatika."

Nimemwambia akae. Tumekaa. Nilitaka kumwomba radhi kwa sentensi iliyonyooka na badala yake nikamuuliza bei ya viazi Mbeya. Alinijibu kwa kirefu, kwa upole, kama mtu aliyeisikia ile sentensi.

Jumatatu, 20 Aprili
Lilian alisema kuna njia. Mwenye nyumba na mpangaji waje pamoja mbele yake, mpangaji amtaje, mwenye nyumba athibitishe kwamba huyu ni mpangaji na si ndugu. Kodi itarudi kuanzia mwezi ujao, hundi mwisho wa Juni.

Pamoja, mbele yake, amtaje. Nimemweleza Anosisye. Amesema atamuuliza mkewe. Amerudi baada ya muda mrefu.

"Anasema atakuja. Kutaja hawezi. Anasema wewe ndiwe utakayesema, yeye atakuwa pale."

Jumamosi, 25 Aprili
Mvua kubwa. Nguzo moja imezama kwenye tope kama sindano kwenye ugali. Anosisye ameiwekea jiwe chini. Tumefanya kazi pamoja.

Jumanne, 28 Aprili
Ezron tena. Habari zimemfikia, sijui kwa mlango gani.

"Nasikia mtapelekana ofisini. Wewe sema tu ni mpangaji, Mwalimu. Neno moja. Ulimi hauna mfupa."

"Atakuwa anasikia."

"Akisikia atakula nini? Ng'ombe walishafika kwao, hawatarudi. Ndoa ni ndoa. Hili ni la makaratasi."

Ana hoja. Nimejizoeza kulisema neno hilo nikiwa peke yangu. Ni mpangaji wangu. Si uongo hata. Alikuwa mpangaji wangu kabla ya kuwa mwingine yeyote.

Jumatano, 6 Mei
Naandika haya ningali na matope ya kiwandani miguuni.

Tulikwenda kwa lori la majani, mimi mbele na dereva, wao nyuma juu ya magunia matupu. Tulipofika nilitangulia. Lilian alikuwa peke yake, nikashukuru. Anosisye aliingia akasimama karibu na kabati. Tusekile hakuingia. Alikaa chini nje ya mlango, mgongo ukiwa umeegemea ukuta wa ofisi, kanga imefunika kichwa na uso. Tumbo linaonekana sasa. Nilimwona kwa upande wa jicho, kisha nikatazama dari.

"Mama aingie," Lilian akasema.

"Hawezi kuingia mimi nikiwemo," nikasema.

"Kwa nini?"

Anosisye akamweleza. Alieleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi, bila kuomba radhi na bila kujisifu. Lilian akasikiliza, kalamu mkononi. Akasema kwao hayo hayapo ila yapo mengine.

"Sawa. Basi asitaje. Nitakuuliza wewe, mzee, naye akiwa pale anasikia, itatosha. Lakini nisaidie, nikusaidie. Hapa pana nafasi mbili tu. Ama ni mpangaji, ama ni ndugu. Siwezi kuandika vyote. Ukisema mpangaji, nasaini leo." Akashusha sauti. "Sema tu mpangaji, mzee wangu. Mimi sitawafuata nyumbani."

Nilikuwa na neno tayari. Nilikuwa nalo tangu Jumanne ile.

Nimesimama mbele ya meza nyingi za namna hii. Kasumulu, mpakani, mwaka sitini na tano niliulizwa wewe ni nani nikasema mgeni, kwa sababu mgeni ndiye aliyekuwa anaruhusiwa kupita. Mbeya niliulizwa nikasema mkimbizi, kwa sababu mkimbizi alikuwa anapewa kibali. Baadaye nikasema mkazi. Kila mara lilikuwa neno la makaratasi tu, na kila mara kalamu ilisogea, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa lile neno. Watu walioniita kwa hilo neno hawakuacha baada ya karatasi kufungwa.

Nje ya mlango Tusekile alikuwa ameacha hata kusogeza miguu. Alikuwa anangoja kusikia yeye ni nani kwangu, mbele ya mume wake na mbele ya mwajiri wake. Yeye alipoulizwa swali hilohilo Januari, peke yake, watu wakicheka, alijibu.

"Huyu ni mke wa mwanangu," nikasema.

Lilian akanitazama.

"Unaelewa maana yake, mzee?"

"Naelewa."

"Siwezi kulipa."

"Naelewa hilo pia."

Akaweka kalamu mezani. Hakukasirika. Akasema, "Haya," kwa sauti ndogo, akafunga lile jalada.

Njiani kurudi lori lilipiga kelele za kututosha sote. Sasa niko mezani kwangu na woga umerudi mahali pake pa kawaida. Nimefanya jambo ambalo sijui kama lilikuwa la mtu mwenye akili. Mvua inanyesha. Ukuta uko palepale, na nimeukosesha saruji kwa mdomo wangu.

Ijumaa, 8 Mei
Fundi amepita, nimemwambia asingoje tena. Amesema basi wahame. Nimesema wahamie wapi. Akasema, "Hilo si la fundi, mzee."

Jumatatu, 11 Mei
Mvua.

Jumanne, 12 Mei
Mvua. Anosisye ameongeza nguzo ya tatu.

Alhamisi, 21 Mei
Ukuta umeanguka.

Ilikuwa mchana, saa za soko. Nilikuwa nasoma. Kwanza nilisikia kama mtu anamwaga gunia la viazi, kisha vumbi likaingia chini ya mlango wangu, vumbi kwenye mvua, jambo ambalo sikupata kuliona. Nilikimbia nyuma. Nilikimbia njia yake ya mlangoni, ile nisiyoipita tangu Desemba, nikamwita kwa jina lake kwa sauti, mara nyingi, mpaka majirani wakatoka.

Hakuwemo. Alikuwa mizani. Kitanda kilikuwa chini ya udongo, na nguzo za mkaratusi zimelala juu yake kama miguu ya ng'ombe.

Ezron alikuja na koleo. Lazima niandike hivyo. Alichimba na sisi mpaka giza, akatoa sufuria, nguo, na mto. Alipopumzika akasema, "Ungesema mpangaji, ukuta ungekuwa umesimama."

"Hundi ilikuwa ya mwisho wa Juni, Ezron. Leo ni Mei."

Akafikiri. "Kweli," akasema, akaendelea kuchimba.

Anosisye alimpokea mkewe barabarani ili asione ghafla. Wamesimama pale chini ya mwavuli mmoja. Upande wa nyuma hauna mahali pa kulala kuku. Upande wa mbele ni mkavu, vyumba vyangu viwili na sebule. Kila mtu aliutazama, kisha wakanitazama, kisha wakatazama chini, kwa sababu wote walijua kwamba mkamwana na mkwe hawalali chini ya dari moja.

Mtu mmoja akataja shangazi yake Tusekile aliyeko Matwebe. Ni mbali na kiwanda, na kwa hali yake asingefika kazini.

Nikaingia ndani. Nikachukua blanketi, koti, miwani, Biblia na daftari hili. Nikamwambia Anosisye, "Mlete mkeo ndani, analowa." Akaanza kusema tata, nikamwambia, "Usinibishie mbele za watu."

Nikavuka barabara.

Ijumaa, 22 Mei
Chumba cha mwisho kwa Ezron. Sakafu ya saruji, dirisha la kioo, hakivuji. Nimelala vibaya. Si kwa ajili ya kitanda.

Jumapili, 31 Mei
Mvua imepungua. Kutoka dirishani naiona nyumba yangu kama wanavyoiona wapita njia. Ni ndogo kuliko nilivyodhani. Asubuhi Tusekile hufungua madirisha yote, mimi sikuwa na desturi hiyo. Jana alitoa magazeti yangu yaliyopata unyevu, akayaanika juani moja moja kwenye majani, akaketi akayasoma huku yakikauka. Kwa umbali huu hakuna mwiko, hanioni. Nimemtazama mpaka alipofika ukurasa wa mwisho.

Jumamosi, 6 Juni
Nimempelekea Ezron habari ya kodi. Nilikuwa nimeandaa maneno, kwamba anivumilie mpaka nitakapovuna ndizi.

"Kodi gani, Mwalimu?"

"Ya chumba."

"Imeshalipwa." Alikuwa anachana mbao, hakuinua kichwa. "Mwanao alileta. Ni mshahara wa mkewe huo, ule wa mizani. Wamekubaliana hivyo, wakipokea tu, analeta hapa kwanza. Ameniambia nisikuulize wewe kitu chochote. Nikuulize nini sasa?"

Nikageuka kuondoka.

"Kaa," akasema. "Wewe ni mpangaji mzuri. Hunywi, na unalipiwa."

Jumatano, 17 Juni
Baridi imeanza, ukungu hautoki mlima Rungwe mpaka saa nne. Kaka zake Tusekile wamekuja kutoka Matwebe na mianzi, Anosisye anakanyaga udongo nao. Wanajenga ukuta kwa namna ya zamani, fito na udongo, kwa kuwa saruji haipo. Wanafanya haraka, mtoto hatangoja.

Leo nimesimama barabarani nikiwatazama. Mgeni mmoja, mfanyabiashara anayetafuta vyumba, akaniuliza ile nyumba inayojengwa ni ya nani, na kama mimi ndiye mwenyeji.

Nikamwambia ile ni ya wanangu, haipangishwi. Mimi napanga hapa ng'ambo ya barabara, na kodi yangu analipa mkamwana wangu.